Kutoka Mwaloni Hadi Barafuni: Maswali Mnayoniuliza Kuhusu Kazi ya Kuchunguza Wanyama wa Ncha za Dunia

Nimezaliwa Igombe, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Nilisomea zuolojia, kisha nikafanya misimu miwili Svalbard, visiwa vya Norway vilivyo juu kabisa kaskazini, nikihesabu ndege wa majabalini. Sasa nipo Mwanza. Kila ninapoingia darasani na picha zangu, maswali huwa ni yale yale, na usiku wazazi hunipigia simu na ya kwao. Nimeyaandika hapa kama mlivyoyauliza.

Shikamoo dada. Hivi kweli mtoto wa Mwanza anaweza kusomea wanyama wa barafuni?

Marahaba. Anaweza, na anaweza kuanza bila kupanda ndege, kwa sababu baadhi ya wanyama hao wanakuja wenyewe hapa.

Kuanzia Agosti na Septemba, nenda kwenye matope ya ufukweni au kwenye majaruba ya mpunga kule Magu na Misungwi. Utaona vitwitwi wadogo wa kijivu, tumbo jeupe, miguu myeusi, wanakimbia ukingoni mwa maji kundi zima. Kila mmoja ana gramu 25 hivi, hafikii uzito wa yai la kuku wa kienyeji. Hao hawakuzaliwa hapa. Wametagwa na kuanguliwa kwenye tundra, zile nyanda za baridi zisizo na miti za kaskazini mwa Norway na Siberia. Ikifika Aprili na Mei wanarudi huko kutaga.

Nilikua nikiwapita kila siku nikienda kuchota maji. Nyumbani hatukuwa hata na jina lao, tuliwaita tu "vile vidogo". Miaka mingi baadaye, mwezi Juni, nilikuwa Varanger, kaskazini kabisa ya Norway bara, nimepiga goti kwenye ukoka wenye maji, saa sita za usiku na jua linawaka. Mbele yangu akatokea ndege mwekundu wa kutu, mgongoni ana michirizi ya njano. Rangi ile sikuijua. Lakini alipoanza kudonoa matope, haraka haraka kama sindano ya cherehani, nikamjua. Alikuwa yule yule wa Igombe, amevaa nguo za harusi. Kwenye shimo dogo kando yake mlikuwa na mayai manne.

Sikuandika kitu dakika kadhaa. Tangu siku hiyo sikubali mtu aniambie kwamba ncha ya kaskazini haituhusu.

Mtaalamu wa wanyama wa ncha za dunia anafanya nini hasa kila siku?

Anahesabu, anapima, anaandika. Halafu anarudi mwakani kuhesabu tena pale pale.

Kazi yangu ilikuwa na shakwe mdogo anayejenga kiota kwenye kuta za majabali juu ya bahari. Tulikuwa na picha ya ukuta iliyochorwa mipaka kwa kalamu nyekundu miaka mingi kabla yangu. Unakaa upande wa pili, darubini kwenye miguu mitatu, unahesabu viota vilivyo ndani ya mipaka ile tu. Kiota kilicho nje kwa shibiri moja hakimo, hata kama kina vifaranga watatu wazuri. Ukikihurumia na kukiingiza, umeharibu kazi ya watu wote waliokutangulia, maana namba yako hailingani tena na yao.

Tuliandika kwa penseli, kwa sababu wino huganda. Kifaranga hupimwa ndani ya mfuko wa kitambaa, mfuko unaning'inizwa kwenye mizani ya chemchemi, kisha unapima mfuko mtupu na kutoa. Kwenye makoloni ya buabua wa Aktiki tulitembea tumeinua fimbo juu ya kichwa, kwa kuwa ndege huyo hushambulia sehemu iliyo juu zaidi. Usipokuwa na fimbo, ni utosi wako, na damu inatoka. Ndege huyo huyo ana gramu 100 hivi, na vifaa vidogo alivyofungwa mguuni vimeonyesha kwamba husafiri wastani wa kilomita 70,000 kwa mwaka, kutoka Aktiki, kwenye ncha ya kaskazini, hadi Antaktiki, kwenye ncha ya kusini, na kurudi.

Watoto wengi hudhani kazi yote ni nje, kwenye theluji. Wiki kumi za nje zilinipa miezi zaidi ya saba ya kompyuta.

Dubu mweupe akikutana na pengwini inakuwaje?

Hawakutani. Dubu mweupe anaishi kaskazini, Aktiki. Pengwini wa mwituni karibu wote ni wa nusu ya kusini ya dunia. Picha zinazowaonyesha pamoja ni za kuchora.

Pengwini wako maelfu na wanafanana. Mtu anawahesabuje?

Panda kilima cha Capri Point hapa Mwanza, tazama majabali yaliyo majini. Mengine ni ya kijivu, mengine juu yamekuwa meupe kama yamepakwa chokaa. Huhitaji kumwona mnandi, yule ndege mweusi anayezamia samaki, hata mmoja ili ujue jabali lipi analala. Kinyesi chake kimeshasema.

Wataalamu wa Uingereza walifanya hivyo hivyo kutoka angani. Pengwini mkubwa kuliko wote, anayeitwa pengwini mfalme mkuu, huzaa wakati wa baridi kali, juu ya bahari iliyoganda, mahali ambapo mtu ni shida kufika. Dume hubeba yai moja juu ya nyayo zake siku 65 hivi bila kula. Mwaka 2009 ilichapishwa kazi iliyotafuta madoa ya kinyesi chao, ya hudhurungi juu ya barafu nyeupe, katika picha za setilaiti, na makoloni yasiyojulikana yakagunduliwa. Baadaye picha zenye ubora mkubwa ziliwezesha kukadiria hata idadi yao.

Wanyama wanaohama huku na huko huhesabiwa kwa kuwekwa alama. Jaribuni wenyewe na konokono wa bustani ya shule. Shikeni 50, watieni nukta ya rangi ya kucha, waachieni. Baada ya siku chache shikeni 60. Wakionekana 10 wenye nukta, basi mmoja kati ya sita ana alama, na kwa kuwa mlitia alama 50, bustani ina konokono 300 hivi. Fikirini pia ni nini kingeharibu hesabu hiyo: nukta zikibanduka, au kunguru akiwaona wenye rangi kwanza na kuwala. Mkianza kubishana kuhusu hilo, mmeshaanza kufikiri kama wanazuolojia.

Nichague masomo gani?

Kidato cha tano na sita, PCB (fizikia, kemia, biolojia) au CBG (kemia, biolojia, jiografia). Usiache hisabati kidato cha nne kwa kisingizio kwamba unapenda wanyama, maana takwimu ndiyo lugha ya kazi hii. Kiingereza cha kuandika kiwe kizuri, ripoti na maombi yote ni kwa lugha hiyo.

Kwa shahada ya kwanza hapa nchini, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya zuolojia na uhifadhi wa wanyamapori, SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, wanafundisha usimamizi wa wanyamapori, na chuo cha wanyamapori cha Mweka kipo Kilimanjaro. Hakuna chuo chetu chenye shahada ya wanyama wa ncha za dunia, na usihangaike kuitafuta. Shahada ya kwanza ikupe misingi: ikolojia, takwimu, vinasaba, na angalau msimu mmoja wa kukaa nje na kukusanya data zako mwenyewe. Barafu itakuja baadaye.

Mimi nina diploma ya uvuvi ya Nyegezi. Je, nimeshakosea njia?

Hapana kabisa, na swali hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu wenzako wengi hawajui wanachokishika mikononi.

Ulifundishwa kupasua kichwa cha sangara na kutoa vile vijiwe viwili vya sikio, na kusoma umri wa samaki kwenye mistari yake kama mti. Sasa, mtafiti wa sili au pengwini anataka kujua mnyama wake amekula nini. Hawezi kumuuliza. Anachukua kinyesi au kilichotapikwa, anakiosha kwenye chujio, na kinachobaki ni vijiwe hivyo hivyo, kwa kuwa haviyeyuki upesi tumboni. Kila aina ya samaki ina umbo lake. Ukipima urefu wa kijiwe unaweza kukadiria ukubwa wa samaki aliyeliwa. Mwenzangu mmoja wa masomo, mtu wa bara asiyewahi kuona ziwa, alihangaika wiki mbili kujifunza kuvitofautisha. Mtu wa Nyegezi angeanza kazi siku ya pili.

Tena kuna mwangwi. Watafiti wa ziwa letu hupita na meli yenye chombo kinachotuma sauti chini na kusikiliza inaporudi, wakakadiria dagaa ni tani ngapi na sangara tani ngapi. Kwenye bahari ya Antaktiki chombo cha aina hiyo hutumika kukadiria krili, kiumbe mdogo anayefanana na uduvi, anayefikia sentimita 6, ambaye nyangumi, sili na pengwini wanamtegemea kama sisi tunavyotegemea dagaa. Mtu anayejua kusoma mwangwi wa dagaa usiku usio na mwezi hatashindwa kusoma mwangwi wa krili.

Kwa hiyo endelea na shahada ya sayansi ya majini au uvuvi, na barua yako ya maombi uianze na vijiwe.

Shahada ya pili nje ya nchi analipa nani? Sisi hatuna uwezo.

Mimi pia sikuwa na uwezo, kwa hiyo nitasema wazi. Zamani vyuo vya umma vya Norway vilikuwa bure kwa wote. Tangu 2023 mwanafunzi wa shahada ya kwanza au ya pili anayetoka nje ya Ulaya hulipa ada, na si ndogo. Wenye kukwambia "Norway ni bure" wanasimulia ya zamani.

Ila shahada ya uzamivu huko ni ajira: unatangaziwa nafasi, unaomba kama kazi, unalipwa mshahara. Kwa hiyo njia ninayowashauri wengi sasa ni kufanya shahada ya pili hapa au Afrika Kusini, kuchapisha hata makala moja nzuri kuhusu ndege au samaki wa ziwa hili, kisha kuomba uzamivu Tromsø, mji wa chuo kikuu kaskazini mwa Norway, au kwingineko. Makala moja kuhusu mnandi, yenye data safi, ina uzito kuliko barua ndefu ya kusema tangu utoto unapenda pengwini.

Jiunge pia na APECS, chama cha watafiti vijana wa ncha za dunia. Uanachama ni bure, na nafasi nyingi nilizozisikia nilizisikia kupitia huko.

Nimesikia Svalbard haihitaji viza. Ni kweli?

Ni kweli nusu, na hiyo nusu nyingine ilinigharimu msimu. Kwa Mkataba wa Svalbard wa 1920 na sheria zilizofuata, visiwa vyenyewe havikudai viza. Lakini ndege inapita Norway bara, na huko unahitaji viza ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya. Svalbard iko nje ya Schengen. Ukienda visiwani umetoka, ukirudi Oslo unaingia mara ya pili. Ofisi moja niliyoitegemea iliniambia viza ya kuingia mara moja inatosha. Haikutosha. Nilibaki na begi limefungwa, Mei ikapita, ndege wakataga bila mimi. Omba viza ya kuingia mara mbili au zaidi, na uombe mapema.

Na Antaktiki? Tanzania ina kituo?

Haina. Mkataba wa Antaktiki ulitiwa saini 1 Desemba 1959 na nchi 12, na ya Afrika ilikuwa moja tu, Afrika Kusini. Hadi leo wao wana kituo cha SANAE IV barani Antaktiki, wana kituo kisiwani Marion, na meli ya S.A. Agulhas II. Kwa mwanafunzi wa Tanzania, mlango wa karibu ni kusoma huko. Chuo Kikuu cha Cape Town kimewafunza watafiti wengi wa ndege wa bahari ya kusini.

Na huko huko Cape kuna pengwini wa Afrika, anayezaa Afrika Kusini na Namibia peke yake. Mwaka 2024 aliingizwa kwenye orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka, jozi zinazozaa zimeshuka chini ya 10,000, na sababu kubwa ni uhaba wa dagaa wa bahari ile. Anayetaka kusomea pengwini aende kwa huyu kwanza. Ana haja na watu leo.

Mwangaluka. Mimi mzee wa Kirumba, nimevua miaka arobaini. Hao ndege wa barafu wanatusaidia nini sisi?

Mwangaluka, babu. Wewe uliwaona furu kabla sangara hajawamaliza. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950, na ilipofika miaka ya 1980 aina nyingi za furu hazikuonekana tena. Kisiwani Marion, wawindaji wa sili walileta panya kwa meli zao miaka ya 1800. Mwaka 1949 wakaletwa paka watano wa kukamata panya, paka wakageukia ndege, ikachukua hadi 1991 kuwamaliza. Panya wamebaki, na siku hizi wanawatafuna makinda wa albatrosi wakiwa hai kiotani. Ndege yule hajui kujihami na panya, kama furu asivyojua kumkimbia sangara.

Wanaochunguza kule na wanaochunguza hapa wanasomana kazi zao, babu. Na kumbukumbu zako za furu ni data. Wajukuu wa shule wakija na daftari, waambie majina yote unayoyakumbuka, hata ya Kisukuma, na mahali ulipowavua.

Kwa nini dubu wanaovaa kola za setilaiti ni majike tu?

Shingo ya dume ni nene kuliko kichwa chake, kola inavuka. Jike mkubwa inamkaa.

Si hatari? Dubu je?

Dubu dume anaweza kufika kilo 600, na binadamu kwake anaweza kuwa chakula. Svalbard, ukitoka nje ya mji lazima uwe na kitu cha kumfukuzia, kwa kawaida fataki za ishara, na watu hubeba bunduki. Kabla sijashika daftari nilifundishwa kulenga. Lakini dubu analindwa kisheria tangu 1973, na kumpiga risasi ni hatua ya mwisho kabisa inayochunguzwa kama kesi. Tangu 2025 sheria inataka ukae mita 300 kutoka kwake, na mita 500 kuanzia 1 Machi hadi 30 Juni. Sikuwahi kumwona karibu zaidi ya kilomita moja, na ninashukuru.

Aliyekulia ufukweni hapa ana nidhamu hiyo tayari. Hujawahi kushuka majini jioni bila kutazama kama kuna kiboko.

Hatari nyingine siku hizi ni ugonjwa. Homa kali ya mafua ya ndege ilifika South Georgia Oktoba 2023 na Antaktiki bara Februari 2024. Watafiti sasa huosha viatu kwa dawa kila wanapotoka koloni moja kwenda jingine, na mizoga hawaigusi bila vazi la kinga.

Baridi unaizoeaje?

Huizoei, unaivalia. Nguo nyembamba nyingi, ya ndani iwe ya sufu, si pamba, maana pamba ikilowa jasho inaganda nawe. Kiangazi cha Svalbard ni nyuzi joto 3 hadi 7 hivi. Upepo ndio unaouma.

Jua lisipotua, Ramadhani na sala inakuwaje?

Huko Svalbard, kwenye mji wa Longyearbyen, jua halitui tangu takribani 20 Aprili hadi karibu na mwisho wa Agosti, na wakati wa baridi halichomozi miezi mingi. Waislamu wa sehemu hizo wengi hufuata saa za Makka, au za mji wa karibu wenye usiku na mchana. Muulize shehe wako kabla ya safari, uende moyo ukiwa umetulia. Nilikuwa na mwenzangu aliyefungua saa ambayo jua lilikuwa bado linawaka, kwa tende tatu alizozitunza kwenye mfuko wa ndani ili zisigande.

Mimi ni mzazi, nipo Buswelu. Binti yangu akisoma haya yote, kazi ataipata wapi?

Shikamoo baba. Sitakudanganya: tangazo la kazi lililoandikwa "mtaalamu wa pengwini" halitatoka Mwanza. Ajira za kudumu za ncha za dunia ni chache hata kwa wenye nchi zao, na nyingi ni za mkataba. Lakini ujuzi wenyewe, yaani kupanga sampuli, takwimu, picha za setilaiti, kuandika ripoti, ndio unaotakiwa TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori), TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi), hifadhini, vyuoni na kwenye miradi ya mazingira. Mimi leo nakula kwa ujuzi nilioupata kwa ndege wa Svalbard, na ninaowahesabu sasa ni ndege wa hapa. Mwache asome, ila atembee na takwimu mkononi. Na usimwambie kazi ya porini si ya mwanamke. Timu yangu ya pili, sita kati ya wanane tulikuwa wanawake.

Sina darubini wala hela. Nina simu tu.

Inatosha kuanza. Fungua tovuti ya Zooniverse, tafuta mradi wa Penguin Watch. Kamera zilizoachwa kwenye makoloni zimepiga picha nyingi mno, na tangu 2014 watu wa kawaida duniani kote wamesaidia kubonyeza kila pengwini anayeonekana. Ifanye kwenye Wi-Fi, inakula bando.

Kisha weka kumbukumbu zako za ndege wa hapa kwenye eBird, programu ya simu ya kuandikia ndege: aina, idadi, mahali, saa. Ndege usiyemjua usimbahatishe, mwandike "sijui" na umchore.

Tunahesabu lini na tuje na nini?

Kila Januari ndege wa majini huhesabiwa Afrika nzima, na sisi tunajiunga. Ila vitwitwi wanaporudi Septemba tunaanza mazoezi Jumamosi ya kwanza, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijawa kali na wavuvi hawajaanza kukung'uta nyavu. Njoo na daftari lenye mistari, penseli mbili, maji ya kunywa na kofia. Vaa mabuti, usiingie majini miguu mitupu, kichocho kipo. Mwenye mbwa amfunge nyumbani. Tukifika tutakaa kimya dakika kumi kabla ya kuhesabu chochote, mpaka ndege watuzoee, kisha mmoja anahesabu, mwingine anaandika, na mnabadilishana.

Waliokuwepo mwaka jana watawaonyesha ukingo wa kuanzia. Ni lile jabali lenye mstari mweupe, kushoto kwa mitumbwi ya dagaa.